Pingili ya Nne, Pingili ya Tano

Halikuwa bonge kubwa.
Hilo ndilo linaloniuma kuliko mgongo wenyewe.
Miaka kumi na tisa nimesimama kiunoni katika maji ya Katwe,
nikibandua kwa mtaimbo mabamba ya chumvi
mapana kama mlango wa jikoni,
na Jumanne ile niliinama kuokota kipande
cha kumpa mbuzi wa jirani alambe.

Kitu kikasema tik.
Si kwa sauti. Ndani, kama kizibo cha soda.
Kisha radi ikashuka kutoka kiunoni,
ikapita pajani, ikapita nyuma ya goti,
ikaja kukaa kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto
kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Thembo na wenzake walining'olea mlango wa jikoni,
mlango halisi safari hii,
wakanibeba juu yake kama bamba.

Kila mtu alikuwa na dawa.
Muunga mifupa wa Kikorongo alitaka kunikanyaga kwa kisigino.
Mama mkwe alileta mafuta yenye harufu ya betri.
Mchungaji akamkemea pepo wa kiuno,
nami nikaitikia amina nikiwa nimeuma shuka.

Kasese, dada Kyakimwa aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha.
"Unaujua muwa?"
Mimi, mzaliwa wa Bwera, naulizwa muwa!
"Basi huu ndio wako. Pingili, pingili, pingili.
Kati ya ya nne na ya tano pana kimto laini.
Kimechungulia nje kama ulimi wa mtoto mtundu,
kinalamba mshipa."
"Kisu?" nikauliza.
"Bado. Tembea."

Tembea!
Mtu asiyeweza kuvaa soksi.

Nililala sakafuni, nikayasoma mabati yetu:
misumari arobaini na mitatu, mmoja haupo.
Ithungu alinifunga kamba za viatu bila neno,
kisha alfajiri akaenda yeye kwenye kidimbwi chetu,
akarudi na viganja vilivyopasuka, chumvi ndani ya nyufa,
akanikuta palepale,
kwenye msumari wa thelathini na moja.
Hapo ndipo palipouma.
Picha haikuonyesha.

Geuka kama gogo, alisema Kyakimwa.
Miguu itangulie kushuka, kiwiliwili kifuate,
usijipinde.
Kila asubuhi gogo likaamka.
Kwanza hadi kwenye mgomba.
Halafu hadi dukani kwa Kule, kununua kiberiti
tusichokihitaji.
Viberiti vikajaa nyumbani.
Samaki mkunje angali mbichi, wanasema;
mimi mkavu, niliyekolea chumvi hadi kwenye uboho,
nikakunjwa hivyo hivyo,
unyoya kwa unyoya.

Wiki ya saba tulipata wageni. Niliinua dumu.
Wiki ya nane nikarudi kwenye misumari.

Sasa nasimama kwenye mizani, daftari mkononi.
Wachuuzi wa Kongo wanakuja na magunia matupu,
wanaondoka yamejaa.
Siinui. Nawaandika wanaoinua.
Vijana wananiita Karani, na wanacheka,
na mimi nawatazama viuno vyao wanavyoinama
miguu imenyooka, migongo imepinda kama upinde,
nawapigia kelele: magoti, magoti!
Hawasikii. Mimi ningesikia?

Kidole kidogo bado kina ganzi.
Nimeacha kukidai.

Jana vumbi la chumvi liliniingia puani.
Nikashika nguzo, nikafumba macho,
nikamwita Mungu, nikamwita na Kyakimwa,
nikapiga chafya.

Nikaingoja radi.
Ng'ambo ya kidimbwi Ithungu naye alisimama,
karai mkononi, akingoja.

Kimya. Heroe wawili wakahama upande.

Akaitikisa shingo yake,
akakunja magoti, polepole, kama nilivyomfundisha,
akachota.